Maswali ya Wasomaji: Kutengeneza Albamu ya Kumbukumbu kwa Mara ya Kwanza

Barua zilizotufikia kuhusu albamu za kumbukumbu zinafanana kwa jambo moja: karibu zote zinaanza kwa kuulizia mapambo. Wasomaji wanataka kujua stika zipi, riboni zipi na karatasi zipi za maua zinafaa, kana kwamba kazi yote imo humo. Albamu ya aina hii ni kitabu cha kurasa ngumu ambamo picha hubandikwa pamoja na maandishi, tiketi, barua na vijikaratasi vingine vyenye historia, na kwa maoni yangu ni kitabu cha kusomwa kabla hakijawa kitu cha kupambwa. Kwa hiyo nimezipanga barua kwa utaratibu ambao kazi yenyewe huufuata, na mapambo nimeyaacha yaje pale yanapostahili.

Ndugu Mhariri, nina maelfu ya picha kwenye simu na sanduku zima la picha zilizosafishwa zamani. Kila ninapokaa ili nianze albamu, huchoka kabla sijakata hata karatasi moja. Je, nianze na picha za utotoni nije nazo mpaka leo?
*Niliyezidiwa na picha*

Usianze utotoni. Anayetaka kusimulia maisha yote katika albamu ya kwanza hujikuta akitafuta tarehe na kupekua masanduku kwa miezi, na albamu yenyewe isianze. Chagua jambo moja lenye mwanzo na mwisho: safari moja, harusi moja, mwaka wa kwanza wa mtoto, ujenzi wa nyumba, au mtu mmoja tu unayempenda. Jambo la karibuni linafaa zaidi kwa kazi ya kwanza, kwa sababu majina na maneno yaliyosemwa bado unayakumbuka, na kwa sababu picha zake si za pekee. Ukiharibu moja, utasafisha nyingine. Za zamani zitakusubiri hadi mkono wako uzoee mkasi na gundi.

Kisha weka kikomo kabla ya kuchagua. Albamu ya kurasa 12 yenye wastani wa picha mbili kwa kila ukurasa inahitaji picha 24, na idadi hiyo ndiyo itakayokulazimisha kuamua. Pitia picha zote za jambo hilo kwa haraka, ukitenga zile zinazokufanya usimame kidogo, bila kuzihukumu. Siku nyingine zipitie ulizozitenga na uondoe zinazorudia jambo lilelile, maana simu zimetuzoesha kupiga picha nane za tabasamu moja. Mara ya tatu jiulize kwa kila picha iliyobaki: ningeandika nini chini yake? Picha isiyo na la kuandikwa iache, hata ikiwa ndiyo safi kuliko zote. Na iliyotikisika kidogo lakini ina kisa, ichukue. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa tumezoea kuchagua picha kwa jinsi sura zetu zilivyotoka.

Zisizochaguliwa hazitupwi. Zirudishe zilikokuwa, na za kwenye simu uzihifadhi mahali pawili tofauti, ili kupotea kwa simu kusiwe kupotea kwa picha. Wala huna haja ya kutengeneza kurasa kwa mfuatano. Kabrasha lenye pete, au albamu ambayo kurasa zake hushikwa kwa skurubu, hukuruhusu kutengeneza ukurasa wa saba leo na wa kwanza mwezi ujao, jambo ambalo albamu iliyoshonwa hailiruhusu.

Mimi ni mwanafunzi na fedha zangu ni chache. Nimeona albamu za ukubwa mbalimbali na vifaa vingi mno. Nihitaji nini hasa?
*Mwanafunzi*

Ukubwa uliozoeleka katika ufundi huu ni mraba wa inchi 12, yaani sentimita 30.5 kila upande, na karatasi nyingi za mapambo hukatwa kwa kipimo hicho. Mimi nakushauri mraba wa inchi 8, ambao ni kama sentimita 20, na sababu yake ni hesabu nyepesi. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 ina eneo la sentimita za mraba 150. Kwenye ukurasa wa sentimita 20 kwa 20, picha mbili za namna hiyo huchukua robo tatu ya nafasi, robo inayobaki inapokea maandishi, na ukurasa umekwisha. Kwenye ukurasa wa sentimita 30 kwa 30, picha moja ni sehemu moja tu kati ya sita. Sehemu tano zinazobaki hukutazama zikidai kujazwa, nawe unakimbilia dukani kununua stika.

Kama hata albamu ndogo haipatikani, kabrasha la pete la kuwekea karatasi za A4 linatosha. Usilionee haya. Mwaka 1980 Marielen Christensen na familia yake, kutoka jimbo la Utah nchini Marekani, walionyesha albamu zao katika mkutano wa kimataifa wa kumbukumbu uliofanyika Salt Lake City, na wengi huhesabu onyesho hilo kuwa mwanzo wa ufundi huu katika sura yake ya sasa. Kurasa za familia hiyo zilitiwa katika mifuko ya plastiki angavu na kupangwa ndani ya makabrasha ya pete.

Kwa vifaa, tafuta mkasi mdogo mkali, rula ya chuma, kisu cha kukatia karatasi, penseli laini, kifutio, kalamu nyeusi na gundi ya aina nitakayoieleza hapa chini. Rula iwe ya chuma kwa sababu ya plastiki huchongwa na kisu, na baada ya hapo hakuna mstari utakaonyooka. Unapokata, pitisha kisu mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi badala ya kukandamiza mara moja, na chini yake utandike kadibodi nene. Kurasa zenyewe ziwe za karatasi ngumu yenye uzito wa gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya printa, ambayo ni gramu 80, hulegea mara tu inapobebeshwa picha. Mashine za kukata maumbo, mihuri ya wino na vitoboleo vya maua visikusumbue. Ukishamaliza albamu mbili utajua mwenyewe kama unavihitaji.

Picha ninazosafisha kutoka kwenye simu hutoka zimekatwa vichwa, na nyingine zina ukungu ingawa kwenye kioo cha simu ni safi. Je, kosa ni la studio?
*Mama wa mapacha*

Huenda studio haina kosa, Mama. Simu nyingi hupiga picha kwa uwiano wa 4 kwa 3, ilhali karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ina uwiano wa 3 kwa 2. Ili karatasi ijae, mashine hulazimika kukata sehemu moja ya tisa ya picha. Iliyopigwa kwa kulaza simu hukatwa juu na chini, na hapo ndipo vichwa vinapotoweka. Agiza picha isafishwe nzima ikiwa na pambizo nyeupe kandokando, kisha pambizo hiyo uikate mwenyewe kwa rula.

Ukungu nao mara nyingi ni upungufu wa pikseli, yaani vinukta vinavyoiunda picha. Ili picha ya inchi 4 kwa 6 itoke safi kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 1200 kwa 1800. Programu za kutumiana ujumbe kama WhatsApp hupunguza picha zinapotumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo picha iliyopita mikononi mwa ndugu watatu kabla ya kukufikia imekwisha kupoteza mengi. Mwombe aliyeipiga akutumie kama faili, maana ikitumwa hivyo haipunguzwi. Na ikiwa unachapisha nyumbani kwa printa ya wino, acha picha ikauke wazi kwa muda wa saa 24 kabla ya kuitia kwenye mfuko wa plastiki.

Nilitengeneza albamu kwa gundi ya maji na selotepu. Haijapita miaka mingi, na kurasa zimekunjamana, selotepu imekuwa kahawia, na hata picha zimeanza kugeuka njano. Nilikosea wapi?
*Mpenda kazi za mikono*

Ukinunua kitu kimoja tu cha gharama kwa ajili ya albamu, kiwe kile kinachoigusa picha. Uharibifu unaoueleza umetoka huko.

Tuanze na karatasi. Karatasi za bei nafuu, mfano wa zile za magazeti, hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa zikiwa bado na lignini, ambayo ndiyo inayoshikamanisha nyuzi za mti. Lignini ikipata mwanga na hewa hubadilika rangi na kuzaa asidi, na asidi hiyo haikai mahali pake. Huhamia kwenye picha iliyolala juu yake. Tafuta karatasi iliyoandikwa kuwa haina asidi wala lignini, yenye pH, yaani kipimo cha asidi, ya 7 au zaidi. Baadhi huongezewa kalsiamu kaboneti ili kuzimua asidi itakayoingia baadaye, na hizo ni bora zaidi. Maneno ya jumla kama “ya kudumu” kwenye pakiti hayathibitishi kitu. Kinachothibitisha ni pakiti kueleza kwamba bidhaa ilipimwa athari zake kwa picha kwa kufuata kiwango cha kimataifa ISO 18916. Karatasi za rangi kali zijaribu kwa tone la maji juu ya kipande. Rangi ikitoka, karatasi hiyo isikae karibu na picha.

Mifuko ya plastiki nayo haifanani. Ya polipropilini, polietilini au poliesta ni salama. Ya PVC hutoa kemikali zinazoidhuru picha kadiri inavyozeeka, na mara nyingi utaitambua kwa harufu yake kali inapokuwa mpya.

Sasa gundi. Gundi ya maji hulowesha nyuzi za karatasi zikavimba, na zinapokauka hujikunja bila mpangilio. Ndiyo mikunjo unayoiona. Gundi ya selotepu huzeeka, hubadilika rangi na kupenya ndani ya karatasi, huku utepe wenyewe ukibanduka na kuacha doa ambalo halitoki kwa urahisi. Gundi ya mpira ni mbaya zaidi kwa picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe, kwa kuwa ina salfa, na sura katika picha hizo imeundwa kwa chembe za fedha ambazo hushambuliwa na salfa. Kinachofaa ni utepe mwembamba wenye gundi pande mbili usio na asidi, ukiuweka karibu na kingo nne za picha badala ya katikati peke yake, ili pembe zisiinuke. Kwa maandishi na karatasi za mapambo, gundi ya kijiti inatosha.

Hata hivyo mimi hupendelea kona za picha, vile vipembe vidogo vya karatasi ambavyo hubandikwa kwenye ukurasa na picha ikachomekwa ndani yake bila kuguswa na gundi. Tatizo la gundi si la leo. Mwaka 1873 mwandishi wa Marekani Mark Twain, ambaye jina lake halisi lilikuwa Samuel Clemens, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa albamu ambayo kurasa zake zilikuwa zimekwisha kupakwa gundi, mtumiaji akilowesha tu mahali anapotaka kubandika. Uvumbuzi huo uliondoa kero ya chupa na brashi, lakini kilichobandikwa kilikuwa hakibanduki. Kona za picha hukuruhusu kubadili mawazo, na anayeanza hubadili mawazo sana.

Marehemu mama ametuachia albamu ya zamani, ile ya kurasa zenye mistari ya gundi zilizofunikwa kwa plastiki. Kurasa ni njano na picha zimeng’ang’ania. Natamani kuzihamishia kwenye albamu mpya. Nizitoe vipi?
*Kitinda mimba*

Pole kwa kufiwa. Kabla ya kugusa picha yoyote, piga picha kila ukurasa jinsi ulivyo, kwa kuwa mpangilio wa mama yenu nao ni habari: alimweka nani karibu na nani, na aliandika nini pembeni. Ukiweza, zitie kwenye skana zikiwa bado ukurasani, kwa nukta 600 kwa inchi kama ni ndogo, ili hata moja ikiharibika wakati wa kuitoa, sura yake ibaki.

Osha mikono na uikaushe vizuri. Funua plastiki polepole, kisha ujaribu na picha isiyo na thamani kubwa. Chukua uzi wa kusafishia meno usio na nta, ushike kwa mikono miwili, uupitishe chini ya pembe moja ya picha na uuvute huku na huku kama msumeno, ukiwa umeukaribisha kwenye ukurasa zaidi kuliko kwenye picha. Kazi hii haitaki nguvu. Gundi ikikataa, unaweza kupuliza hewa ya uvuguvugu ya kikausha nywele nyuma ya ukurasa kwa sekunde chache, si juu ya picha, kisha ujaribu tena. Picha ikianza kujikunja au kupasuka, acha mara moja. Kata ukurasa kuizunguka picha, ukiuacha mgongoni mwake, na utumie nakala kwenye albamu mpya. Usijaribu maji wala petroli, hata kama jirani anaapa kwamba yeye alifanikiwa.

Picha ambazo ni za pekee zisikatwe wala zisibandikwe kabisa. Zihifadhi asilia kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, na albamu ipate nakala. Pini, vibanio vya chuma na mipira ya kufungia uviondoe. Chuma hushika kutu, na mpira hunata. Mkikuta zile picha zinazojitokeza zenyewe papo hapo kutoka kwenye kamera, zenye ukingo mweupe mpana upande wa chini, msizipunguze kwa mkasi hata kidogo, kwani ndani ya ukingo huo mna kemikali.

Kazi hii itachukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Ifanye ukiwa na ndugu zako wakubwa mezani, kwa sababu wao ndio wanaowajua watu waliomo pichani.

Kurasa zangu zinaonekana zimejaa na kuvurugika, ingawa kila kitu nilichobandika ni kizuri kikiwa peke yake. Nawaonea wivu watu ambao kurasa zao zimetulia.
*Mwenye mkono mzito*

Tatizo huwa si mkono. Kila ukurasa unahitaji picha moja iliyo kubwa kuliko nyingine, na wewe huenda umezipa zote ukubwa na heshima sawa, jicho likakosa pa kutua. Chagua picha kuu, iweke mbali kidogo na katikati ya ukurasa, nyingine zipunguze ziwe ndogo na uzikusanye karibu nayo zikiachana kwa nusu sentimita. Ukiacha nafasi pana upande mmoja na picha zikawa pamoja upande wa pili, ukurasa hutulia hata bila pambo. Picha zilizotawanywa zikiachana kwa nafasi za namna mbalimbali huonekana kama zimeanguka.

Tazama pia watu waliomo wanaangalia wapi. Mtoto anayeangalia kulia, akiwekwa ukingoni mwa kulia, humtoa msomaji nje ya kitabu. Mhamishie kushoto, atazame ndani, na ikiwezekana atazame kwenye maandishi yako. Kumbuka vilevile kwamba msomaji huona kurasa mbili kwa pamoja. Zipange kurasa zinazotazamana kama ukurasa mmoja mpana, zikitumia rangi zilezile.

Rangi zisizidi tatu, na uzitoe ndani ya picha yenyewe: bluu ya shati, kijani cha majani yaliyo nyuma, nyeupe ya ukuta. Karatasi yenye maua au mistari usiitandike ukurasa mzima chini ya picha za watu, kwa sababu hushindana na nyuso. Kata ukanda wake wa sentimita tatu na uulaze upande mmoja. Picha ambazo rangi zake zinagombana, kama zilizopigwa siku tofauti kwenye mwanga tofauti, jaribu kuzisafisha kwa rangi nyeusi na nyeupe. Fremu nyembamba ya karatasi nyeupe, inayojitokeza milimita tatu tu kuizunguka picha, huitenga na kelele ya nyuma vizuri kuliko riboni yoyote.

Zaidi ya yote, panga bila gundi. Laza kila kitu ukurasani, kipige picha kwa simu, kisha uondoke. Kwenye kioo kidogo cha simu kasoro huonekana haraka, na ukirudi kesho yake utajua ni pambo gani la kuondoa. Nasema kuondoa kwa makusudi; ni nadra sana ukurasa wa anayeanza kuhitaji kuongezewa.

Mwandiko wangu ni mbaya, na sijui niandike nini. Je, ni lazima kuandika? Picha si zinajieleza?
*Mzee wa picha*

Picha hazijielezi, Mzee wangu. Zinajieleza kwako kwa sababu ulikuwepo. Mjukuu atakayeifungua albamu hiyo wakati wewe haupo ataona watu watano wamesimama mbele ya mlango, basi.

Anza na yale ya lazima: majina kamili ya watu kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, na tarehe. Usiandike “Mama” au “Shangazi” pekee, kwa sababu mama yako ni bibi wa mwingine. Andika jina lake kisha uhusiano wake nawe. Tarehe usiyoikumbuka iandike kwa makadirio, mathalani “takriban 1987, kabla hatujahama,” kwani makadirio yaliyotajwa kuwa makadirio hayampotoshi mtu.

Baada ya hapo andika ambacho picha haiwezi kuonyesha. Maneno kama “Siku ya furaha!” hayaongezi kitu, kwa kuwa furaha tunaiona. Linganisha na haya: “Mvua ilianza kabla ya mpiga picha kufika, tukasogea ndani, ndiyo maana viatu vya wote vina matope na mjomba ameshika mwavuli uliofungwa.” Sentensi hiyo moja inamfanya msomaji arudi kuitazama picha upya, atafute matope, atafute mwavuli. Nani alipiga picha? Nani alikosekana, na kwa nini? Nini kilisemwa dakika moja kabla? Ukijibu swali moja tu kati ya hayo, ukurasa umepata maandishi yake. Ukishindwa kuandika, msimulie mtu kisa hicho huku simu ikirekodi, kisha unakili maneno yako kama ulivyoyasema.

Kuhusu mwandiko, naomba usitumie kompyuta kwa albamu nzima. Watakaoirithi watautafuta mwandiko wako kama wanavyoitafuta sura yako. Andika kwenye ukanda wa karatasi ulio pembeni, ukichora mistari hafifu ya penseli kwanza na kuifuta wino ukikauka, kisha uubandike ukanda huo ukurasani. Neno likiharibika umepoteza ukanda, si ukurasa. Tumia kalamu yenye wino wa pigmenti, usiosambaa kwa maji wala kufifia upesi kwa mwanga. Kalamu ya kawaida usiitumie nyuma ya picha, kwa kuwa ncha yake huacha makovu yanayoonekana mbele. Penseli laini pembeni inatosha, na kwenye picha za kisasa ambazo mgongo wake ni wa plastiki inayokataa penseli, andika ukurasani tu.

Naweza kubandika maua makavu, vipande vya magazeti na risiti za safari?
*Mkusanyaji*

Kila kimoja kwa masharti yake. Maua yakaushe kwanza kati ya karatasi zinazonyonya maji, chini ya vitabu vizito, kwa muda wa wiki mbili hadi nne, kisha uyatie kwenye mfuko wake mwenyewe wa plastiki salama, yasiguse picha. Ua lililokauka nusu huleta ukungu na wadudu. Kipande cha gazeti kitolee nakala kwenye karatasi isiyo na asidi, kwa sababu ya ile lignini niliyoitaja. Risiti na tiketi nyingi za siku hizi huchapishwa kwa joto na si kwa wino, na maandishi yake hufifia yakipata joto na mwanga hadi karatasi ikabaki tupu, kwa hiyo nazo zitolee nakala mapema.

Albamu yenyewe iweke mbali na jua na mbali na jiko au bafu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda, ukungu huota, na mahali penye hatari zaidi ni sakafuni na kwenye kabati lililoegemea ukuta wenye unyevu.

Nimemaliza ukurasa, nikagundua nimeandika mwaka usio sahihi kwa wino. Je, niurudie wote?
*Mwenye haraka*

Hapana. Kata ukanda mdogo wa karatasi ileile, andika mwaka sahihi, uubandike juu ya kosa. Au pitisha mstari mmoja mwembamba juu ya tarehe isiyo sahihi na uandike iliyo sahihi kando yake. Wino mweupe wa kusahihishia usiutumie, kwa sababu hupasuka baada ya kukauka, na kabla haujakauka vizuri hushikana na ukurasa unaotazamana nao.